Mguu wa Mbuzi Uliounga

Siku ya kwanza kazini sikutoa neno zaidi ya shikamoo. Ilikuwa likizo, nasubiri kuingia kidato cha nne, na watafiti walikuwa wanachimba makazi ya kale kwenye shamba la Babu Seif, huku kwetu Kilangali. Msimamizi wa Shimo alinikabidhi chekeche: udongo unapita, mifupa inabaki.

Baadaye nikahamishiwa Mikumi, uani kwenye gesti waliyofikia, chini ya Mtaalamu wa Mifupa. Niliosha kwa mswaki na kupanga. Jioni tulienda kwa wachoma nyama wa barabarani kuomba mifupa ya mbuzi wa leo, tuilinganishe na ya kale.

"Dada, unafuga mbwa wangapi?" muuzaji mmoja alimuuliza Mtaalamu.

"Mmoja tu, huyu hapa," alijibu, akinionyesha mimi. "Haumi."

Nilicheka mpaka aibu ikanipungua kidogo.

Mtaalamu alinifundisha kusoma mifupa. Jino lililosagika ni la mnyama mzee. Mfupa uliopasuliwa, walitaka uboho. Ndezi, wale panya wakubwa wa porini, wakiwa wengi, hapo palilimwa, maana ndezi hufuata mazao.

Kisha tukaitwa shambani. Mvua zilikaribia, na majirani walimcheka Babu Seif kwamba ameacha shamba lichimbwe takataka.

"Fukieni shimo, nilime," alisema.

Chini kulikuwa na tabaka ambalo tulikuwa hatujaligusa. Mtaalamu akanigeukia. "Wewe ni wa hapa. Mweleze."

Nikamwekea kiganjani mfupa wa mguu wenye nundu.

"Babu, huyu mbuzi alivunjika."

"Naona. Mbuzi akivunjika unamwahi na kisu, asife kibudu."

"Hawa hawakumwahi. Nundu hii ni pale mfupa ulipounga. Lazima kuna mtu alimkatia majani, akamletea maji. Na taya tuliyoikuta naye, meno yamesagika. Alizeekea kwao."

Akaugeuza mfupa. "Jike?"

"Nyonga yake inaonyesha jike."

"Basi alikuwa anazaa mapacha. Mbuzi wa mapacha hata mimi nisingemchinja." Akamtazama Msimamizi. "Chimbeni. Nitaanza kulima upande wa mtoni."

Shule inafunguliwa kesho, kwa hiyo nimestaafu. Tulizoea kusikia kwamba wakulima wa kale waliishi ovyo tu. Mimi nimeshika mifupa ya mifugo yao, na najua waliwajua wanyama wao mmoja mmoja.

Jana nilipita kuaga. Shimo liko wazi, na Babu Seif alikuwa ukingoni, anawaelekeza majirani mahali pa kukanyaga.