Fundi wa Kwa Sadallah

Mwalimu Kamugisha wa Mtoni ana ugonjwa mmoja: hawezi kusikia Kiswahili kibovu akakinyamazia. Mwambie "nilikuwaga" uone, atakusahihisha hata salamu hujamaliza. Kwao Bukoba. Dar alikuja na cheti chake cha ualimu, na mwaka wa ishirini huu anawafundisha watoto wa Temeke lugha ya mama zao. Jirani yake Bi Hamisa, muuza vitumbua, naye hakusalimika. Asubuhi moja alikuwa akigeuza vitumbua huku redio inapiga singeli, akasema, "Mwalimu, mie nilikuwaga napi..." Mwalimu akamkatiza: "Nilikuwa, Bi Hamisa. Hakuna nilikuwaga." Bi Hamisa akacheka, akamfungia vitumbua vyake, basi.

Sasa, huyu mwalimu alikuwa na kazi nyingine, ya mapenzi. Alikuwa akitafuta historia ya mchiriku, muziki wa uswahilini wa ngoma na vinanda vidogo vya betri, huo huo uliokuja kuizaa singeli. Vitabu hakuna. Magazeti ya enzi zile, aliyoyapekua mpaka vumbi likamkaba, yaliutaja pale tu watu walipopigana ngomani. Kwa hiyo alizunguka na simu yake, akawarekodi wazee, akaandika kwenye blogu. Swali lililomnyima raha lilikuwa moja: ni nani aliyeanzisha mpigo wa Mtoni, ule wa kukikimbiza kinanda kwa mkono wa kushoto?

Jibu lilitoka kwa Mzee Suleiman, mpiga ngoma wa zamani. "Ah, yule fundi wa kwa Sadallah! Alikuwa akikishika kinanda, watu wanalia."

Mwalimu alipokaa kuyanakili maneno yale, hiyo "wa kwa" ikamkera. "Wa" na "kwa" zimepandiana kama abiria wasio na adabu! Akazifuta. Ikabaki "fundi Sadallah," sentensi safi, na akajipongeza.

Loo! Mtu wa Pwani akisema "wa kwa Sadallah," anamtaja mtu wa nyumba ile: mke, mpangaji, shemeji, yeyote. Na hiyo "alikuwa" yetu haikwambii kama ni mwanamume au mwanamke. Mtoto wa darasa la pili Mtoni angelijua hilo. Mwalimu wake hakulijua.

Gazeti moja likainyofoa habari kutoka kwenye blogu bila hata hodi. Kijitabu kimoja kikalinukuu gazeti. Mwalimu alipoandika makala kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, wahariri wakadai chanzo kilichochapwa, naye akawapa kijitabu. Maneno yake yakamrudia yamevaa suti, akayapokea kama mgeni wa heshima.

Haukupita mwaka, kamati ya tamasha moja la Kinondoni ikatangaza kumpa Sadallah ngao ya mwasisi. Sadallah yu hai, siku hizi yuko Mbweni na familia nyingine. Mwalimu akakimbilia kwa Mzee Suleiman na habari njema, wiki mbili kabla ya tamasha.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sadallah? Yule hata kukiwasha alikuwa hajui! Fundi alikuwa mkewe wa kwanza, Hamisa. Si ndiye huyo jirani yako wa vitumbua?"

Mwalimu aliona uso unamuwaka. Uso umeumbwa na haya, na siku ile wake ulizipata zote. Wiki mbili alikuwa nazo za kusema. Aliiandikia kamati ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, nao akaufuta. Maana yeye pia alikuwa amealikwa, atambulishwe kama mtafiti, na mkewe alishamnyooshea shati. Asubuhi akawa anamtuma mtoto kununua vitumbua.

Jumamosi alasiri Sadallah alipanda jukwaani, akainua ngao. Mwalimu akaitwa asimame. Akasimama! Akapigiwa makofi, na yeye akayapiga, akitamani ardhi immeze. Haikummeza.

Jumatatu akawaandikia wale wahariri ukweli wote. Jibu lilikuja upesi: bila chanzo kilichochapwa, makala haibadilishwi. Chanzo kilichopo kinasema Sadallah.

Jumanne akapiga moyo konde, akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Hamisa."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea! Nikadhani vitumbua vimekukinai."

Akamweleza yote pale pale, amesimama, mbele ya wateja wawili: blogu, kijitabu, ngao, makofi. Hakuacha kitu. Bi Hamisa aliendelea kumimina unga kwenye kikaango, kwa mkono wa kushoto. Miaka yote hiyo mwalimu alikuwa akiutazama mkono ule kila asubuhi.

"Mie nilijua," Bi Hamisa akasema. "Nilionyeshwa kwenye simu. Kaniacha Sadallah, kachukua kinanda, na jina nalo kachukua. Nikasema haya, imeandikwa. Mie na walioandika wapi na wapi?"

"Aliyeandika ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia, mama yangu? Tunaonana kila siku!"

"Nilikuambia." Akamtazama, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Nilianza kukuambia, ukanisahihisha."

Mwalimu akainamisha kichwa. Akatoa simu mfukoni, akawasha rekoda, akaiweka mezani kando ya beseni la unga. "Nisamehe, Bi Hamisa. Tuanze upya. Sema tu, kama unavyosema. Sitagusa neno."

Bi Hamisa akapangusa mikono kwenye kanga, akaisogelea ile simu.

"Niseme nilikuwa, mwalimu," akauliza, "au nilikuwaga?"