Siku walihukumu kocha, wakafunga Papa

Papa yangu alikuwa anapiga mulango na magoti, na inje watu walikuwa wanacheka. Pumu ilikuwa imemushika. Nilikuwa naye mule mu gala ya maharagi, mutoto bila nguvu ya kufungua.

Jana ku soko ya Sake mama moja alipepeta maharagi karibu yangu. Ile vumbi ilinirudisha pale.

Siku ile timu ya taifa ilikuwa imepoteza finali, tuliisikia ku redio. Wanaume wakasema tuhukumu kocha. Kwetu, mushitakiwa asipokuwepo, mutu anakaa mu kiti yake. Papa njo alikuwa amesema kocha hana kosa, basi wakamukalisha yeye.

“Kocha, juu ya nini uliacha yule muchezaji mwenye kuchechemea mu uwanja?”

“Niko mulimaji tu, bandugu. Ile uwanja sijaikanyaga.”

“Anakana! Kasho, afungwe!”

Shefu wa kilima alikata hukumu: gala ya maharagi njo kasho. Wakasukuma Papa mule, na miye nikiwa nimemushikilia nguo. Katekista alifunga mulango na muti kwa inje, wakarudia pombe yao ya kasiksi, wakatusahau. Walifungua jua ikishuka. Papa hakuwa tena na pumzi.

Kocha alirudi kwake muzima. Wewe shefu, wewe katekista, mungali pale kilimani. Papa yangu alipoteza finali gani? Munijibu.