Kuwasomea Wamarekani Mababu Zao

Nilianza kazi ile kwa dharau, na sioni haya kulisema. Mwenzangu anayefundisha chuo cha ualimu hapa Kasulu ndiye aliyeniambia kwamba vijana wa Marekani hawawezi tena kusoma mwandiko wa kuunganisha herufi. Makaratasi ya mababu zao wa miaka mia mbili iliyopita yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, barua, madaftari ya shamba, vitabu vya kanisa, lakini wenye mababu wakiyafungua wanaona minyoo tu. Kwa hiyo wanatafuta watu wa kujitolea, popote pale duniani, wawasomee na kuwachapia. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Taifa lililopeleka watu mwezini linatafuta mtu wa kulisomea barua ya bibi.

Mimi mwandiko ule nilifundishwa na sista mmoja mzee katika shule ya misheni, kwa msaada wa rula. Ukiinua kalamu katikati ya neno, rula inashuka kwenye vidole. Nimefundisha Kiingereza na historia kwa miaka mingi, wakaguzi wamepita na wamenikosoa mengi, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa mwandiko wangu. Basi nikajiandikisha. Malipo hakuna. Mume wangu alisema nimekuwa mtumishi wa kwanza Kasulu nzima kuwafanyia Wazungu kazi bure kwa hiari yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya shule baada ya vipindi, siku umeme ukiwapo. Daftari la kwanza nililopewa lilikuwa la mkulima mmoja wa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Nilitegemea kukutana na mtu. Nilikutana na jino. "Leo mvua kidogo. Nimechinja nguruwe. Mke anaumwa jino." Kesho yake: "Mvua. Jino la mke bado." Siku ya tatu kulikuwa na baridi, na jino bado lilikuwapo. Jino lilipong'olewa hatimaye, mkulima alilitengea mstari mmoja, halafu akaandika ukurasa mzima juu ya ng'ombe wa jirani aliyevunja uzio. Hakukohoa siku hata moja bila kuandika. Na upuuzi huo wote umehifadhiwa mahali pasipo unyevu, umepigwa picha, umepewa namba, na sasa ulikuwa unanipotezea jioni zangu. Kwetu Buha mwanamume akisimulia jino la mkewe siku tatu mfululizo, watu watahama kilabu.

Kilichonikera zaidi kilikuja ukurasa wa arobaini hivi. Mpaka hapo nilikuwa nimeshawajua farasi wa mtu yule kwa majina, na ng'ombe wake kwa majina, na mbwa wake wawili. Kumbe alikuwa anamiliki na watu. Aliwaorodhesha chini ya majembe. "Mwanamke, umri kama ishirini. Mtoto wake. Mwanamume, mguu mbovu." Basi, kisha mvua ikaendelea. Nilipandwa na hasira hata nikaondoka pale kwenye kompyuta. Niliporudi niliwaandikia wasimamizi wa kazi kuuliza kama kuna karatasi nyingine yenye majina ya wale watu. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba nyaraka huhifadhiwa kama zilivyo, na kwamba mchango wangu unathaminiwa sana. Mwishoni waliweka kale kauso kanakotabasamu.

Kanuni yao ilikuwa moja, nami niliipenda: andika unachokiona, usisahihishe, usibahatishe. Wenzangu wa kujitolea walikuwa wakibahatisha ovyo. Kuna mmoja, palipoandikwa nguruwe yeye alisoma mbwa, na familia ya mkulima ikala mbwa sikukuu nzima. Nilimsahihisha, nikaongeza neno la ukali, nikaambiwa nipunguze ukali. Sikupunguza.

Niseme yote, maana dharau yangu haikuishia kwa Wamarekani. Shuleni kwetu wamo watoto wengi wa familia zilizotoka Burundi. Baadhi yao ni raia siku nyingi, wana mashamba na maduka, lakini mimi niliwaita watu wa kuja. Siku moja baba mmoja alikuja kumwandikisha mwanawe kidato cha kwanza, kofia mkononi. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Nikamuuliza mtoto kazaliwa lini.

"Mwalimu, alizaliwa tukiwa tunavuna mahindi," akasema.

"Mahindi ya mwaka gani?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi, Mwalimu."

Nikamwambia, ofisi nzima ya walimu ikisikia, kwamba hata ng'ombe wa Marekani wana kumbukumbu kuliko ninyi. Wenzangu walicheka. Yeye alisema, "Ndiyo, Mwalimu," nami nikamwandikia mwanawe tarehe mosi Januari, siku ambayo nusu ya darasa langu walizaliwa. Jioni ile nyumbani kwangu nililirudia neno lile mbele ya mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, nikidhani ni utani mzuri. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakucheka, na mimi nikaona ni uzee.

Mama anaishi kijijini, upande wa Kibondo, kwenye shamba alilolima na baba mpaka baba akafa. Kaburi la baba liko pale pale, pembeni ya migomba. Mwaka jana walikuja wapima ardhi ili wanakijiji wapate hati, na kila mtu akatakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa. Mama hakuwa nacho. Hapo ndipo jirani yake, ambaye miaka yote amekimezea mate kile kipande cha bondeni chenye maji, aliposimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema bibi huyu si wa hapa, alitoka Burundi, ardhi hii haimhusu. Likaandikwa kwenye muhtasari. Mama akaambiwa alete uthibitisho wa mahali alipozaliwa, la sivyo shamba lisingepimwa kwa jina lake.

Alinipigia simu, akaniita mwanawe kwa Kiha. "Mwana wanje, njoo unisemee."

Nilimtukana yule jirani kwenye simu kana kwamba ndiye aliyepiga. Mwongo, mlafi, mtu asiyejua hata kusaini. Mama yangu ni Muha wa Waha, nikasema, na kama kuna mtu Kibondo nzima ambaye si wa kuja ni yeye. Mama upande wa pili aliuliza tu nitafika lini. Kesho yake nilipanda basi la asubuhi.

Uthibitisho pekee uliowezekana ulikuwa kitabu cha ubatizo cha parokia. Afisa wa vitambulisho aliyekuwa akishughulikia wazee wa eneo lile alikubali kuja mwenyewe kukiona, kwa kuwa vitabu vile havitoki ofisini. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye viatu vilivyong'arishwa, vumbi letu limetua juu yake. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama, akaniamkia na mimi. Katibu wa parokia alituletea kitabu, akatuachia meza na kwenda zake kanisani. Tukabaki watatu: mama kwenye benchi, afisa na fomu zake, na mimi.

Afisa alifungua kitabu, akakitazama, akakigeuza kidogo pembeni.

"Mwalimu, hiki ni Kilatini?"

"Ni Kiswahili, mwanangu."

Alicheka kwa aibu. Mimi sikucheka, lakini moyoni nilistarehe. Kumbe si Wamarekani peke yao. Hawa nao, na digrii zao, wakipewa kalamu ya padri wa zamani wanaona minyoo.

"Basi wewe nisomee," akasema, "mimi najaza. Wewe ni mtumishi wa serikali, nakuamini."

Nilipitisha kidole ukurasani mpaka nikalikuta jina la ubatizo la mama. Padri yule, Mungu amrehemu, alikuwa na mwandiko mzuri uliolala upande mmoja, hakuna herufi iliyonishinda. Nikasoma kwanza kimyakimya. Mtoto wa kike, umri kama miaka miwili. Ameletwa kutoka Urundi, wakati wa njaa. Baba hajulikani. Halafu jina la mama yake, jina ambalo sikuwa nimelisikia katika maisha yangu. Mama amefariki safarini, amezikwa ng'ambo, kabla ya kuvuka mto Malagarasi. Mtoto amepokelewa na fulani. Yule fulani ndiye niliyemwita bibi tangu napata akili.

Nilisoma tena, nikitafuta kosa. Halikuwapo. Jirani yule mlafi, asiyejua kusaini, alikuwa amesema kweli.

"Mzaliwa wa wapi, Mwalimu?" afisa akauliza. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya mstari.

Mama alikuwa anakitazama kitabu kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo pale hospitali ya Kabanga. Kanga yake ilikuwa imeteremka begani na hakuipandisha. Akilini niliona kaburi la baba, niliona yule jirani akipanda mpunga wake bondeni.

"Amezaliwa hapa hapa parokiani," nikasoma, kwa sauti ile ninayotumia darasani. "Mama yake ni..." na nikataja jina la yule bibi aliyenilea mgongoni.

Afisa akajaza. Hakuinua hata kichwa. Alipomaliza aliniomba nitie sahihi chini, kama msomaji wa waraka, na mimi nikatia, herufi zote zimeungana, bila kuinua kalamu. Yule mjinga wa mtandaoni aliyewalisha watu mbwa alikuwa amebahatisha tu. Mimi sikubahatisha. Nilikiona kilichoandikwa, kikakaa wazi mbele ya macho yangu, nikasema kingine mbele ya kijana aliyeniamini. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau dakika ile, na ningeulizwa tena ningejibu vile vile.

Afisa alituaga kwa shikamoo nyingine. Alisema jambo la mama limekwisha, asubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Tuliondoka kwa miguu, maana mama hapandi bodaboda, anasema ni kumjaribu Mungu. Nilimshika mkono. Nilikuwa nangoja anishukuru, na nilikuwa naogopa asije akanishukuru.

Tulipofika kwenye kivuli cha mikaratusi alisimama.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini kitabu kile hakisemi hivyo."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Yule aliyenilea aliniambia alipokuwa anakufa. Alisema nilibebwa, nikaletwa mtoni. Nikamuuliza, mama yangu aliitwa nani? Akasema amesahau, aliyejua ni padri, liko kitabuni." Alipandisha kanga yake sasa. "Padri mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mimi kusoma sijui, ningemwendea nani? Mtu akienda kuuliza jina la mama yake, si ameshatangaza kwamba si wa hapa?"

"Nilipokupeleka kwa masista, baba yako alikataa, alisema msichana wa nini kule. Nilimwambia huyu atasoma." Alinitazama. "Nilijua iko siku utanisomea."

"Mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii?"

"Ningekuambia lini? Ulivyokuwa unawasema wale watu, kwako, tunakula, ningeanzia wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejua la kujibu, ukali naujua. Alilisema tu, kama mtu anayetaja kitu ambacho kila mmoja anakijua, na mimi mwalimu wa historia nikasimama pale barabarani na mkoba wangu. Nilimkumbuka yule baba mwenye kofia mkononi. Nililia, si kwa kujificha. Mama aliniacha nilie, kisha akaona imetosha.

"Haya. Sasa nisomee cha kweli."

Nikamsomea. Sikuwa na kitabu mbele yangu, lakini sikuruka neno. Nikamwambia njaa, nikamwambia safari, nikamwambia ng'ambo ya Malagarasi, kabla ya kuvuka. Nikamtajia jina.

Midomo yake ilicheza, akilijaribu. Akaniambia nilitaje tena, polepole, kwa sababu yeye hana pa kuliandika.