Njia ya Salalah Ilipopanuliwa

Mjomba wangu alikuja Oman kutoka Unguja akiwa kijana, Kiarabu chake cha kuungaunga, na kazi ya mwanzo aliyoipata ilikuwa kuendesha greda kwenye njia ya kusini, ile inayotoka Maskati ikapita Nizwa na Adam, ikakata jangwa mpaka Haima na Thumrait, na mwisho ikateremkia Salalah. Siku hizo, alikuwa akituambia, hapakuwa na njia hasa. Kulikuwa na alama za matairi ya malori zimetapakaa mchangani, kila dereva akifuata zake na kuomba Mungu. Yeye na wenzake wakaja na magreda wakasawazisha kifusi. Baadaye likaja kundi jingine likamwaga lami. Lami hiyo hakuimwaga yeye, lakini ukimsikia akiizungumza utadhani ni mwanawe aliyekwenda kulelewa kwa watu.

Alipoacha kazi hiyo hakutaka kuhamia Maskati kama ndugu zake. Alijenga kibanda cha matofali kando ya njia, kusini ya Adam, pahali ambapo ukisimama unaona anga tupu kila upande, akafungua mkahawa. Mkewe, ambaye sisi tulimwita mkaza mjomba na yeye akatuita wanawe kwa sababu hakujaaliwa wa kuzaa, ndiye aliyepika. Maandazi ya iliki, mbaazi za nazi, chapati, na chai ya maziwa nzito. Waarabu wa jangwani walizoea chai yake kwanza, maandazi baadaye. Watu wetu wa Maskati, wale ambao nyumbani wanasema Kiswahili, wakienda Salalah msimu wa kharifu kuitafuta mvua na ubaridi, walikuwa wakijizuia na njaa tangu Nizwa ili wafike kwake na matumbo matupu.

Mimi nilikuwa nikipelekwa huko kila likizo ya skuli. Kazi yangu ilikuwa kufuta meza, na meza hazikai safi jangwani. Mkaza mjomba alikuwa akiimba jikoni, sauti kubwa, hajali nani anasikia. Mgeni akishuka garini tu keshamwamkia kwa Kiarabu, na akimwona ana sura ya nyumbani humgeuzia Kiswahili hapo hapo: "Karibu baba, mmetoka salama? Watoto wana njaa hao, usinambie hawana."

Lakini njia ile ilikuwa inaua. Ilikuwa moja, nyembamba, wa kwenda na wa kurudi wanapishana ubavu kwa ubavu, na mbele yako lori linajikokota. Mtu akichoka kulifuata hutoka kulipita, na anayekuja mbele hana pa kukimbilia. Kila kharifu mjomba alikuwa akisikia kishindo, au dereva akija mbio kumwita, naye huchukua mablanketi na maji akaenda. Mimi sikuruhusiwa kwenda naye. Namkumbuka alasiri moja alivyorudi, kanzu yake imeganda damu ya watu wengine, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkaza mjomba alimvua kofia, akamnawisha mikono kwenye beseni kama anavyonawishwa mtoto.

"Familia nzima," alisema mjomba mwisho. "Walikunywa chai hapa sasa hivi."

Tangu siku hiyo alikuwa hana maneno mengine. Kila ofisa aliyesimama kunywa chai, awe wa polisi, wa wizara au wa jeshi, mjomba humkalia mbele na kumwambia njia hii lazima igawanywe, wanaokwenda wawe na yao na wanaorudi wawe na yao. Alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza niliyokwisha kuifuta. Wengine walimsikiliza, wengine walitazama simu zao. Nadhani alikuwa akijua kwamba mambo makubwa kama hayo hayaamuliwi kwa maneno ya muuza chai. Aliyasema tu.

Miaka ikapita. Mimi nikamaliza skuli, nikaajiriwa Maskati, nikaolewa. Siku moja mjomba alinipigia simu akipiga kelele kwa furaha.

"Mwanangu, wamekuja wapimaji! Wanaweka vigingi! Wanaigawa!"

Nyuma yake nilimsikia mkaza mjomba akiuliza, bila ya kupiga kelele: "Na sisi watatuweka wapi?"

"Sisi tupo tulipo," alimjibu. "Nani kasema tunaondoka?"

Wakati wa ujenzi biashara ilinoga kuliko siku zote. Madereva wa magreda, wapimaji, mafundi wa Kihindi na Kipakistani, wote walikuwa wakila kwake. Mjomba alikuwa akienda kuyatazama magreda mapya, anarudi akisimulia jinsi yalivyo na kiyoyozi ndani. Nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta amenenepa na mkaza mjomba amekonda kwa kazi.

Halafu njia ikafunguliwa. Upande wa mkahawa ukawa wa wanaokwenda kusini tu. Wanaorudi kutoka Salalah walipewa lami mpya upande wa pili, na katikati pakawekwa chuma kirefu kisichokatika. Nusu ya wateja walikuwa wanapita mbele ya macho ya mkaza mjomba na hawawezi kumfikia. Waliomzoea walipiga honi na kupunga mikono kutoka ng'ambo, naye akitoka nje akawapungia kwa taulo la jikoni. Na wale wa upande wake nao hawakusimama tena kama zamani. Njia imenyooka, gari zinakwenda kasi, mtu akikiona kibanda keshakipita. Vikajengwa vituo vikubwa vya petroli mbele, vina maduka, vyoo safi na pahali pa watoto kuchezea. Nani atasimama kwenye viti vya plastiki?

Mkaza mjomba aliacha kuimba. Alinambia hivyo mwenyewe, wala si kwa kulalamika. "Nlikuwa nnaimba ili wasikie. Sasa n'mwimbie nani?"

Walivumilia wakachoka. Mwisho nilikwenda na mume wangu kuwachukua. Tuliwaleta Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati, kwenye nyumba yetu, tukawapa chumba cha chini kilicho karibu na mlango ili mjomba apate wepesi wa kwenda msikitini. Hapo ndipo wanapoishi mpaka leo. Mimi na mume wangu asubuhi tunaupanda mlima na foleni ya magari tunakwenda makazini mjini, jioni tunateremka, na wao wanabaki na televisheni. Mkaza mjomba huingia jikoni kwangu akapika kidogo, akatoka. Anasema sufuria zangu ni ndogo.

Mjomba, kila akikutana na mtu aliyetoka Salalah kwa gari, humuuliza swali lile lile: "Umeona ajali njiani?" Mtu akimwambia hakuona, husema alhamdulillahi, kwa dhati kabisa.

Siku moja mkaza mjomba alimsikia, naye akasema, "Na mimi nnashukuru. Lakini nlitaka watu wawe hai, na chai yangu wainywe." Nilimwona mjomba akiitazama mikono yake.

Mwaka jana tulialikwa harusi Salalah, kwa jamaa zetu. Ndege ingekuwa rahisi, lakini wazee walitaka kwenda kwa gari. Mume wangu alikuwa na kazi, kwa hiyo niliendesha mimi, mjomba mbele, mkaza mjomba nyuma. Tulitoka nyumbani baada ya alfajiri. Njia ilikuwa laini hata mjomba akaanza kusinzia, naye zamani hakuwa akisinzia garini. Tulipoipita Adam, mkaza mjomba akanigusa bega.

"Simama pale kwetu, mama. Nnataka kupaona tu."

Nilipunguza mwendo mapema nisipakose. Paa la bati lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Meza zilikuwa zimechukuliwa. Mchanga ulikuwa umeingia mpaka jikoni, na juu ya ukuta bado kulikuwa na weusi wa moshi. Mjomba alibaki nje, anazitazama gari. Mkaza mjomba aliingia jikoni, akasimama pale alipokuwa akisimama siku zote, mikono imetulia ubavuni.

Lori likaingia polepole likasimama nyuma ya gari yetu. Dereva alikuwa Mpakistani wa makamo, macho mekundu kwa usingizi. Alituona sisi na gari yetu akafikiri pamefunguliwa. Akauliza kwa Kiarabu kilichovunjika: "Mama, chai ipo?"

Mkaza mjomba alitoka mlangoni. Alimtazama, akaangalia jikoni, akamtazama tena.

"Leo hakuna," alisema. "Tusamehe."

Mjomba alimwelekeza kituo kilichoko mbele. Yule mtu akashukuru, akanawa uso kwa maji ya chupa, akapanda lori lake, akaondoka. Nasi tukaondoka baada yake, na muda mfupi tukalipita. Tulikwenda mpaka tukakaribia Haima. Hapo mjomba aliomba kitu cha kunywa, na mkaza mjomba akainama kulifungua pakacha miguuni mwake.

Ndani yake kulikuwa na chupa kubwa ya chai aliyoipika mwenyewe asubuhi nyumbani, imejaa, haijafunguliwa, na maandazi kwenye kitambaa.

Alikaa nayo mapajani. Nilimwona kwenye kioo.

"Chai ilikuwapo," alisema. "We bwana, chai ilikuwapo, na mimi nimemwambia hakuna."

Mjomba aligeuka akanyoosha mkono nyuma, akamshika goti. Mimi niliendelea kuendesha. Alimimina kikombe kimoja akampa mumewe, akamimina cha pili akanipa mimi, na chake hakukimimina.