Anayehesabu Nyuma Yangu

Shilingi elfu moja na mia tano kwa saa moja, na mshauri nasaha hakupunguza hata kumi. Nilimwendea hapa Garissa kwa sababu tangu kaka yangu afe, nikihesabu mbuzi sokoni namsikia akirudia hesabu nyuma yangu.

"Utanipa dawa?"

"Hapana, mzee. Wewe utazungumza, mimi nitasikiliza."

Kumbe nalipa, na kazi nifanye mimi. Akanyamaza. Sokoni anayenyamaza anangoja mwenzake ataje bei, basi nami nikanyamaza, mpaka nikamsikia kaka mle chumbani: moja, mbili, tatu.

"Mzee," mshauri akasema polepole, "midomo yako inahesabu."

Nikisema yote huenda kaka akanyamaza, na sina hakika nataka anyamaze. Wewe uliyewahi kukaa mbele ya mshauri kama huyu, niambie: nirudi wiki ijayo?