Masikio ya Mbweha

Binti yangu alinitoa kafara shuleni bila hata kuniuliza. Mwalimu wao alikuwa akitafuta mzazi wa kusaidia mavazi ya siku ya Misri ya kale, naye, mtoto wa miaka kumi, akanyoosha mkono akasema mama yake ni fundi. Ni kweli, ninashona nyumbani kwetu Stechford, hapa Bamingamu, Uingereza: mapazia, kupunguza suruali, madira ya harusi. Lakini kuna kuulizwa, jamani! Aliporudi akaniwekea kando ya cherehani karatasi yenye picha za miungu saba, wengi wao mwili wa mtu, kichwa cha mnyama.

"Astaghfirullah," nikasema. "Shule imekosa kitu kingine cha kuwafunza?"

"Ni historia, Mama," akanijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini kukisema hataki. "Siku hizi hakuna anayewaabudu."

Basi nikaanza. Na kadiri nilivyoshona ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu wanyama hao mimi nawajua. Kipanga ati ndiye mlinzi wa mfalme. Kipanga! Kwetu Isiolo tulikuwa tukimrushia mawe, maana yeye na mwewe walimaliza vifaranga vya mama yangu mmoja mmoja. Kiboko ndiye mlinzi wa wajawazito. Kiboko yupi, huyu huyu anayekata mtu vipande viwili mtoni? Halafu kuna yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, huyo wakampa kazi ya kulisukuma jua. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Paka peke yake ndiye ambaye sikumbishia.

"Hao watu walikuwa na akili timamu kweli?" nikamuuliza binti yangu.

"Mwalimu anasema walikuwa wakiwaangalia wanyama sana, kuliko sisi."

Mimi pia niliwaangalia sana, utoto wangu wote, na hayo waliyoyaona wao sikuyaona.

Kichwa cha mwisho kilikuwa cheusi, masikio marefu yamesimama. Nilikata kitambaa kizito cha masikio yote mawili, nikashona sikio la kwanza, ndipo nikauliza huyu ni mnyama gani.

"Mbweha," akasema. "Huyu ndiye wangu. Analinda makaburi."

Nikaweka mkasi chini.

Hapa lazima nieleze. Baba yangu alifariki mwaka jana na mimi sikwenda kumzika. Karatasi zangu za kukaa nchi hii zilikuwa bado ofisini kwa watu wa uhamiaji, na ukiondoka kabla hazijatoka hujui kama utarudi. Nilimzika kwa simu. Ndugu yangu mdogo ndiye aliyekuwa akipiga video, nikaona mchanga na viatu vya watu. Sasa kwetu ukishamfukia mtu hujamaliza. Unapanga mawe juu, kisha unaburuta matawi ya mgunga yenye miiba unalifunika kaburi lote, kwa sababu fisi huja kuchimba na mbweha huja nyuma yake kungoja mabaki. Baba ndiye aliyekuwa akiwawekea miiba watu wa mtaa mzima, hata wasiokuwa jamaa zake. Alipozikwa nyanya yangu nilimsaidia kuburuta yale matawi mpaka mikono ikatoka damu, na asubuhi tatu mfululizo alirudi pale kutazama nyayo. Alisema aliyekufa hawezi kupiga kelele, basi sisi ndio kelele yake. Yeye mwenyewe alipozikwa nilimuuliza ndugu yangu, mmeweka miiba? Akasema, "Tumeweka, dada, tulia." Alijibu haraka mno. Tangu siku hiyo nikiosha vyombo nalia, nikishona nalia, najisemea kwa sauti, nani anamlinda baba yangu?

"Mbweha alinde makaburi!" nikamwambia binti yangu. "Huko si ndiko kumpa fisi bucha? Chagua mwingine. Chukua paka."

"Sitaki paka."

"Basi hutavaa kitu."

"Nilimwomba mwalimu anipe huyu. Mimi mwenyewe nilimwomba."

Hasira zikanipanda. Nikalichukua lile sikio nililokwisha kulishona, nikalifumua mbele ya macho yake, nikayatupa yote mawili kwenye kapu la vipande. Hakulia. Alipanda chumbani kwake taratibu, na kwa siku mbili hakuniita Mama. Alikuwa akiniambia asante tu, kama anavyomwambia dereva wa basi akishuka.

Siku ya tatu, aliporudi kutoka shuleni, nilifungua begi lake nitoe mkebe wa chakula, nikakuta karatasi imekunjwa. Yalikuwa maneno ya kusema mbele ya darasa. Aliandika kwamba watu wa Misri walimwona mbweha akizurura makaburini kila siku, wakamwogopa, kwa hiyo wakamfanya awe mlinzi. Chini yake aliandika: "Nimemchagua kwa sababu ya babu yangu aliyezikwa Kenya. Mama huuliza kila siku nani anamlinda, na sisi tuko mbali."

Nikakaa palepale sakafuni. Kumbe mwaka wote huo sikuwa nikilia peke yangu. Niliona haya, na bado nilikuwa na hasira, sijui hata ya nani. Mtoto wa Kiislamu amkabidhi babu yake kwa sanamu la Misri? Mlinzi ni Mungu. Hilo nalijua vizuri, na pamoja na kulijua kwangu kote nilikuwa bado naulizia miiba.

Nikampigia ndugu yangu, simu nikaiweka sauti ya nje, nikailaza sakafuni kando yangu.

"Wallahi usinidanganye. Miiba iliwekwa?"

"Haikuwekwa, dada. Migunga ya karibu yote imekatwa kwa ajili ya makaa. Tulipanga mawe tu."

"Na nyayo je?"

"Zipo. Naenda kila Ijumaa kutazama. Ni za mbweha. Zinalizunguka kaburi, halafu zinaondoka. Za fisi sijaziona hata mara moja, na hakuna jiwe lililoguswa."

"Sasa anazungukia nini?"

"Mimi nitajuaje, dada? Ndiyo maana niliogopa kukwambia."

Nami sikujua. Baba angeziona nyayo hizo angekimbilia panga na matawi. Mmisri wa kale angeziona angeshukuru. Mimi nilikuwa Bamingamu, nimekaa sakafuni, na nyayo ni zile zile.

Nilipoinua kichwa, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Alikuwa amesikia yote. Alikwenda kwenye kapu la vipande, akachakura, akayatoa masikio mawili, akayanyoosha kwa kiganja na kuyaweka chini ya sindano ya cherehani.

"Yasimame, Mama," akasema, kwa Kiswahili. "Asikie fisi wakija."

Nikamwomba Mungu anisamehe, nikashona kila sikio mara mbili.