Skii Zilizobaki Garini Darsait

Si vile vigurudumu vilivyomuua, na naomba tulimalize hilo kabla sijaendelea. Mama mkubwa wangu kakaa kwenye aza, matangani, siku zote tatu, kikombe cha kahawa mkononi, anawarudia wageni maneno yale yale: “Nnakwambieni, mtoto wa kike kuteleza barabarani kama kigari cha dukani, mwisho wake ndo huu.” Hapana, mama mkubwa. Alikuwa ndani ya gari, kafunga mkanda, mchana kweupe, anatoka kazini Ruwi, hapa Maskati, anarudi kwao Amerat kama wanavyorudi watu wote wa Amerat, na lori likafeli breki kwenye mteremko. Miaka minne kateleza pembeni ya barabara kwa vigurudumu vyake, hakupata zaidi ya kuchubuka goti. Kilichomuua ni kitu ambacho sote tunakipanda kila asubuhi bila kusoma hata dua. Nilimwambia hivyo mbele za watu, mama yangu akanifinya paja. Sawa, nilikosa adabu. Lakini uwongo juu ya maiti siuwezi, khasa mie, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini nasema khasa mie.

Kwa msiomjua: alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kanipita miaka kumi na mbili. Alipelekwa kusoma nchi moja ya baridi huko juu ya Ulaya. Wenziwe walirudi na shahada, yeye karudi na shahada na skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Na si ule mchezo mnaouona kwenye televisheni, mtu anaachiwa juu ya mlima anashuka kama jiwe. Wake ulikuwa wa masafa, kilomita kumi za msituni, kupanda na kushuka, unajisukuma kwa miguu na fimbo mbili, pumzi yako mwenyewe. Kila Novemba alikuwa akiomba likizo isiyo na mshahara, bosi wake ananuna, anaondoka, harudi mpaka msimu uishe mwezi wa tatu. Huko hakukuwa na starehe yoyote. Alikodi chumba juu ya gereji ya watu. Anaamka giza, anakula uji wa shayiri usio na chumvi, anakwenda kwenye mbio, anarudi giza, anaanika soksi kwenye hita, kesho tena. Mbio tatu kwa wiki, kila moja mji mwengine, na mabegi yake anayabeba mwenyewe kwenye treni. Wanawaachia mmoja mmoja, kila nusu dakika, kwa hiyo uko peke yako na miti. Na mara nyingi alikuwa wa mwisho. Aliwahi kuniambia kuwa akifika mwisho wa njia huwakuta watu wanakunja meza, mmoja tu kabaki na saa yake mkononi, anamsubiri.

Miezi ya huku alifanya mazoezi kwa skii fupi zenye magurudumu, baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijakasirika. Baba yake alimpa sharti moja: “Sikukatazi. Lakini huendi peke yako barabarani.” Mie ndo kwanza nimepata leseni, nna hamu ya gari kama mgonjwa anavyotamani maji, basi nikapewa kazi ya kumfuata nyuma na taa za tahadhari zinawaka. Nilidhani nitaendesha. Kumbe ni kujikokota, mwendo wa punda! Mie ambaye nikingoja lifti nabonyeza kitufe mara sita.

“Dada, huwezi kukaza kidogo? Gari inalia.”

“Piga honi basi, kama dereva wa teksi.”

“Na ule mteremko si ungekaa tu ukuvute?”

“Mteremko ukinivuta hapa, huko nani atanivuta?”

Kulikuwa na Mkenya mmoja mlinzi kwenye nyumba inayojengwa karibu na mzunguko. Tukimpita anainuka kabisa kitini. “Sista, leo umechelewa! Ama theluji imeyeyuka?” Naye anamjibu bila kusimama, “Nimekuachia kidogo kwenye friji!” Wanacheka wote wawili, mie nyuma naangalia saa. Siku moja nilimuuliza dada ana raha gani kwenda mpaka mwisho wa dunia kuwa wa mwisho. Alikuwa kakaa kwenye mlango wa gari anavua kofia, jasho linamtiririka. “Nani kakwambia nna raha? Nachukia. Lakini wa mwisho naye ana saa yake, inaandikwa.” Halafu akanieleza kitu ambacho hakumwambia hata baba yake. Kuna kiwango cha muda, lazima usiachwe na wa kwanza zaidi ya hapo. Ukikifikia mara tano, unaruhusiwa kwenye mashindano makubwa ya dunia. Yeye alishakifikia mara nne. “Sitaki medali. Nataka ile karatasi ya majina waandike Oman, nipigwe picha nayo, niilete kwa bibi. Basi.”

Sasa nafika pale nilipokuwa sitaki kufika. Mwaka huo mizigo yake ilichelewa, skii zake za mashindano zikafika mwezi wa tano. Yeye yuko kazini, akanipigia nikazichukue uwanja wa ndege. “Chukua, leta nyumbani, washa ac, laza chini ya kitanda. Usiziache garini hata nusu saa, unanisikia? Zimegandishwa kwa gundi zile.” Nikasema nakusikia. Lakini siku ile ile nguo yangu ya kwendea harusi ya watu ilikuwa kwa fundi cherehani Darsait, na harusi yenyewe kesho yake. Nikajiambia dakika tano. Nilipofika mikono haijashonwa. Badala ya kurudi garini nikasimama pale kichwani mwa yule maskini namwambia yalla, yalla, mpaka ikaadhiniwa Alasiri. Gari nyeusi, juani, tangu Adhuhuri, mwezi wa tano. Wa Maskati hamhitaji kuelezwa. Nilipofungua mlango nikakutana na harufu ya nta kama mishumaa ya keki, na begi siwezi kulishika. Nikalifungua. Skii moja, kwenye ncha, ule wayo wake wa chini ulikuwa umeachana kidogo na mwili, kama kiatu kinachoanza kucheka.

Niliubonyeza kwa kidole gumba. Ukafunga, ukafunguka. Nyumbani nikauwekea gunia la mchele la mama, kesho yake ulikuwa umekaa kimya, ukiangalia huoni kitu. Nikampelekea. “Ziko salama?” “Salama salmini.” Kwa nini sikusema? Ningependa niwape sababu kubwa. Sina. Nilikuwa na harusi, sikutaka kukaripiwa kabla ya harusi. Nikasema nitamwambia baadaye.

Msimu ukaanza, akaondoka nazo. Huko alikuwa na fundi wake, mzee mmoja mwenye kibanda kando ya njia, kazi yake kuzipaka nta skii za watu kwa pasi ya moto, maana bila nta inayolingana na theluji ya siku ile hutelezi. Alikuwa hamtozi kama anavyowatoza wengine. Alisema anapenda kumuona mtu anayetoka jangwani. Mwezi wa kwanza dada akanipigia, kelele za upepo nyuma. “Fundi kaiangalia ile skii, anauliza kama iliwahi kukaa kwenye joto kali. Nimemwambia zinalala kwenye ac kuliko mie. Ndo hivyo?” Mie natafuta pa kuegesha gari, nyuma yangu watu wananipigia honi. “Ndo hivyo,” nikamwambia. Maneno mawili. Mzee akamuamini yeye, yeye kaniamini mie.

Kwenye mbio za mwisho za msimu, zile zilizobaki kuitafuta mara ya tano, alikuwa anakwenda vizuri kuliko siku zote. Kilomita ya saba ule wayo ukafunguka wote, theluji ikajaa ndani, skii ikawa kama ubao wa mlango. Alimaliza anachechemea, kiwango kikampita. Akenda moja kwa moja mpaka kibandani na mbele ya watu akamwambia yule mzee, “Umeiunguza kwa pasi yako.” Mzee akaizima pasi. Haya yote alinieleza kwenye ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Na mie, kama nilivyozoea kwa kila mtu, niliusikiliza kwa mwendo wa mara mbili. Kwa mwendo ule kilio chake kilisikika kama anacheka. Nilingoja mpaka katikati ndo nikafahamu kuwa halikuwa jambo la kuchekesha.

Hakwenda tena. Likizo walimnyima, na moyo ulikuwa umevunjika. Vile vigurudumu vikabaki barazani kwao, kisha likaja hilo lori. Ningeweza kuishia hapo nikalia kama wengine. Lakini leo, siku ya tatu ya aza, kaka yake kaingia upande wa wanawake na simu mkononi, kasema kuna salamu za rambirambi kutoka kwa mzee wa skii, akamtafsiria mama yake kwa Kiswahili. Mzee kaandika kuwa kaifanya kazi ile tangu ujana wake. Kuwa toka siku ile hajapaka skii ya mtu mwengine, kibanda kakifunga, kwa sababu aligeuza na kugeuza kichwani hakuona alipokosea, na fundi asiyejua alipokosea hana haki ya kushika pasi. Kuwa alikuwa anasubiri siku moja amuulize. Sasa anamuomba mama yake radhi. Mama yake akajifuta macho kwa ncha ya buibui akasema, “Mjibu, mwanangu. Mwambie mzee wa watu tumemsamehe.” Kaka akasema atamjibu kesho, aza ikishaondoka. Na mie nimekaa pale, mikono miwili kwenye sahani ya halwa, sikusema kitu. Mie yule yule niliyemrukia mama mkubwa kwa uwongo wake!

Nimejiuliza mchana wote kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kumuachia mzee kosa langu, na nadhani ni kwa sababu tumezoea. Kwenye nyumba zetu kikiharibika kitu tunatazama kwanza mikono ya anayefanya kazi. Nguo ikibana, fundi cherehani mwizi. Gari ikizima, gereji wameiharibu. Mwaka jana blenda iliungua kwetu, na mama hata hakuuliza, alimgeukia dada wa Kiganda anayetusaidia. “Mama, mimi sijagusa hiyo kitu,” akasema, na mama akasema wote husema hivyo. Ilikuwa mie, nilisaga barafu. Jikoni tulipobaki mie na yule Mganda, aliendelea kuosha sufuria bila kunitazama. “Wewe ulikuwa umesimama pale,” akasema. “Ulikuwa na mdomo.” Nilimwambia mama jioni, na nikajiona mtu mwema sana. Basi jiko ni karibu, uso wa mtu unauona. Yule mzee alikuwa mbali, na mbali ni pazuri pa kutupia kosa. Wahenga wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilianzia Darsait ikafika mpaka kwenye theluji, ikafunga kibanda cha mtu, na ingeweza kwenda zaidi ya hapo kama asingeandika.

Kila mtu ananionya juu ya haraka yangu, toka skuli. Mie sasa naona haraka siyo tatizo langu. Nna haraka ya lifti, ya foleni, ya sauti za watu. Jambo moja tu nimelifanyia subira maisha yangu yote, nalo ni kusema kweli. Lile nililipa muda, nikalilaza, nikaliwekea gunia la mchele. Na aliyestahili kuisikia kwanza keshazikwa, hata radhi yake siwezi kuiomba ila kwa Mungu. Lakini mama yake yupo, na mzee yupo, na ule msamaha wa kosa ambalo si lake haujatumwa bado.

Safu hii inatoka Alhamisi na leo ni Jumanne, kwa hiyo mkiisoma itakuwa nishamaliza, na kama nyumba ya tatu hawataki kuniona tena mtakuwa mnajua sababu. Kesho nikishasali alfajiri sitapanda gari. Nitakwenda kwa miguu, nikae na mama yake, nimwambie yote toka uwanja wa ndege mpaka gunia, yeye kwanza. Kisha nitamuomba kaka asiandike kitu, anipe namba, nimpigie mzee mwenyewe kwa sauti yangu, kwa Kiingereza changu cha skuli, nimwambie pasi yake haikukosea. Kwao saa zile bado usiku. Nitakaa pale barazani, karibu na vile vigurudumu, nimsubiri mpaka aamke.